Mfuko Uliomshika Bibi

Vidonge vilikuwa kumi na kimoja. Kila asubuhi mjukuu alivipanga juu ya kifuniko cha kopo la sukari, na Bibi alivimeza kimoja kimoja na chai. Cha presha kilimvimbisha miguu, kikaletewa cha kupunguza maji. Cha maji kikaleta kizunguzungu, nacho kikaletewa mwenzake. Kila daktari aliongeza chake chini kwenye kadi, wala hakuna aliyekata cha mwingine, maana wasomi wana adabu.

Jumanne moja, chai ikiwa bado ya moto, Bibi aliondoka kitini bila kusimama. Alipanda taratibu mpaka mgongo ukagota dari.

"Mke mwenzangu," alimtania mjukuu kutoka huko, "juu ya kabati hujafuta vumbi tangu mwaka jana."

"Sikutegemea mgeni huko, Bibi."

Mjukuu alifungua kamba ya kuanikia nguo, akamfunga kiunoni, akamvuta hadi zahanati. Njiani watu walimwamkia. Mkubwa ni mkubwa, hata ikibidi uinue shingo.

Karani wa mapokezi aliuliza kama ana kadi. Anayo. Nesi alimvutia chini, akamgusisha mizani kwa vidole vya miguu, mshale usisogee. Akaandika: amepungua kidogo.

Foleni ilikuwa ndefu, na mjukuu, aliyeishia darasa la saba, alipata muda wa kusoma kadi zote kuukuu alizozitunza. Kidonge cha bluu, cha usingizi, kiliandikwa wiki aliyozikwa Babu: siku saba. Huu ulikuwa mwaka wa sita. Kila kadi ilipojaa, karani alinakili dawa kwenye kadi mpya. Siku hakuzinakili, nafasi ilikuwa finyu.

"Daktari," mjukuu alisema, "hiki kilikuwa cha wiki moja tu. Siku hizi kuna asubuhi hanijui. Naomba ukikate."

"Nikate dawa ya mwenzangu? Mimi ni wa magoti."

"Basi huyo mwenzako yuko wapi?"

"Alistaafu."

"Na huku kuelea?"

Daktari alitazama dari, ambako Bibi alikuwa akiparua utando wa buibui kwenye taa.

"Umri, binti," alisema, akaandika cha kumi na mbili.

Dirishani walipewa dawa za mwezi mzima, mfuko umejaa hadi mdomoni. Mjukuu alimpa Bibi aushike ili yeye akunje kadi. Bibi akashuka pole pole, nyayo zikatua sakafuni.

"Umeona?" Daktari alisema akipita. "Hata hajaimeza, imeshafanya kazi."

Sasa Bibi hukaa mlangoni, mfuko mapajani. Mfuko hupungua siku hadi siku. Ikifika tarehe ishirini visigino huanza kunyanyuka, na mwisho wa mwezi mjukuu hufungua kamba, wakaenda kujaza mwingine.

"Wewe binti ni wa nani?" Bibi alimuuliza juzi.

"Mke mwenzako, Bibi."

"Na mume wetu?"

"Tulimzika."

Bibi alilia kwa kwikwi, kama mfiwa wa jana. Kisha akajifuta kwa upindo wa nguo, akanyoosha kiganja apewe kile cha bluu. Mjukuu akatazama kadi. Kimeandikwa. Akampa.