Bia ya Harusi Iliyonuka Hospitali

Bia ya harusi ya binti yangu ilinuka hospitali. Ukiinua bilauri ni kama nesi amekushika mkono anakutafutia mshipa. Harusi Jumamosi, na siku hiyo ni Alhamisi.

Aliyegundua ni mke wangu. Mimi mafua yalinikamata tangu wiki ya kupika, pua imeziba kama bomba la zamani. Alionja, akatema kwenye sinki.

"Baba watoto, hii bia au dawa ya vidonda?"

"Acha utani."

"Utani gani? Onja mwenyewe."

Nikaonja. Hata kwa pua ile, ladha ilinipanda mpaka kichwani. Nikakalia kreti.

Mimi ni fundi bomba. Maji ya mtaa huu nayajua. Yana klorini, na klorini ikikutana na kimea inazaa harufu ya dawa. Kwa hiyo huyakinga jioni kwenye pipa nyuma ya nyumba, natia jasi kidogo, ule unga mweupe, ili uchungu wa hopsi, yale maua ya kupikia bia, ukae sawa, halafu naliacha pipa wazi usiku kucha klorini iruke. Miaka yote napika hivyo, na sijawahi kuaibika.

"Umeosha pipa langu kwa dawa ya nguo nyeupe," nikamwambia mke wangu.

"Nani? Mimi? Pipa lako hilo unalolilinda kuliko mimi, ningeligusa saa ngapi?"

Tukiwa hapo, mkwe wangu mtarajiwa akaingia na viti vya kukodi mabegani. Kijana wa afya huyo. Kazi yake kuzunguka mitaani akifundisha watu kutibu maji ya kunywa.

"Shikamoo baba. Mbona mmenuna?"

"Marahaba. Bia inanuka dawa," akajibu mke wangu.

Kijana akacheka, mwenye furaha kabisa. "Ah, ni vidonge vyangu vya klorini tu hivyo! Ile jioni kabla hujapika nilimrudisha mchumba wangu hapa, nikakuta pipa la maji wazi. Nikasema baba kasahau. Nikatia vidonge, nikafunika. Na kwa vile wageni ni wengi, nikatia mara mbili."

Hapo nikakumbuka. Asubuhi ile nilikuta mfuniko, nikadhani mke wangu kanihurumia. Nikaona unga mweupe chini, nikadhani jasi yangu. Nikawasha moto, nikapika.

"Mara mbili," nikasema.

"Kwa usalama, baba."

"Mjinga mkubwa wewe! Toka nyumbani kwangu!"

Nilipogeuka, binti yangu alikuwa mlangoni na gauni lake mkononi, amesikia yote. Mkwe akashusha viti kimoja kimoja, taratibu, akavipanga ukutani. Kisha akatoka.

Harusi ilifanyika. Kupika upya haikuwezekana, bia haichachuki kwa siku mbili. Wageni walikunywa soda, na wajomba wakaanza kuaga kabla keki haijakatwa.

Hasara ni hii. Bia lita mia na hamsini, zote mtaroni. Kimea gunia zima. Hopsi pakiti tatu. Gesi mtungi mmoja. Binti yangu alikaa mwezi bila kukanyaga kwangu. Na mkwe hunisalimia vizuri tu, kwa heshima zote, ila haniiti baba tena. Ananiita mzee.