Ndoo ya Zuena

Senti hamsini, ananishikisha senti hamsini, simba upande mmoja, mfalme upande wa pili, eti "Hamisa, chukua yaishe, mtu mzima kama mimi nibebe ndoo kichwani mbele ya wanawake wa bomba zima?" yaishe nini, Pazi, nani kakuomba hela, mie nimekuja na ndoo tupu, wewe unanijia na mkono mfukoni, ndiyo Uzaramo wenu huo... utani ni utani, Mnyamwezi na Mzaramo hatununiani hata msibani, lakini ulisema mwenyewe, hapahapa, watu wakisikia, "Mtoto wako kichwa chake tenga, hakishiki kitu, akimaliza mwezi bila kusahau vitu vya shule nakuchotea maji, ndoo kichwani," maana asubuhi ile Zuena aliegemeza ufagio kwenye ukuta wa baraza lako ajifunge mkanda wa gauni, akaondoka na mwavuli wako badala ya ufagio, akafika nao shuleni siku ya usafi, darasa zima kicheko, na mwalimu akaniita, juzi hana kalamu, jana hana kibao cha kuandikia, leo mwavuli, ikiendelea hivi nafasi yake atapewa mwingine, wanaoililia wako wengi... nikarudi Temeke, mie hasira zangu ziko karibu, nafasi ya shule kwa mtoto wa kike nani ataipata mara mbili, mie niliyejifunza kusoma kwenye magazeti yaliyofungiwa sukari... njiani nikamkumbuka babu yangu, mpagazi wa misafara, Tabora mpaka pwani na pembe ya ndovu begani, hakugusa chakula kabla ya kufunga mzigo, akisema akishashiba anakumbuka usingizi tu, basi, nikaweka sheria, hakuna uji mpaka mzigo ufungwe, kibao, kalamu, ufagio, vyote ndani ya kitambaa cha kaniki, mlangoni, siku ya kwanza akalia uji ukapoa, siku ya pili, "Mama, nimefunga," "Fungua nione," ... "Mama, kalamu," uji ukapoa tena, mie roho inaniuma, mpaka asubuhi moja naamka namkuta keshafunga, kakaa juu ya mzigo wake kama askari, ananiuliza, "Na wewe Mama, wako umefunga?" na kweli, nilikuwa natoka kwenda kuuza vitumbua bila kikaango, na leo mwezi umetimia, hajasahau kitu... "Hamisa, unanisikia? Naongeza, shilingi nzima!" wanawake wameacha maji yanamwagika, "Usimwachie huyo, shoga!" na mie tusi liko ulimini, tamu, la kuchekesha mtaa mwaka mzima, na hapo ubavuni namwona Zuena, kashika kaniki yake, hacheki, anamtazama Pazi kama fundi anayengoja ujira wake, nikasita... nani aliyefunga mwezi mzima kwa njaa, mie? nani aliyeitwa tenga, mie? hela hii hata kuikataa si kazi yangu, ndoo hii nimeibeba ya nini... nikairudisha senti kiganjani kwake, nikampa Zuena ndoo, "Mdai wako huyo, Pazi, zungumza naye," Pazi anacheka peke yake, mtoto kapiga hatua, shingo imenyooka, Mungu wangu, hii ni shingo ya babu yangu mpagazi...

"Shikamoo, Babu Pazi."

"Marahaba, mjukuu wangu, sasa sikiliza, mama yako na mimi tunataniana tu..."

"Naomba maji yangu. Kichwani."