Kitambaa cha Maji Juu ya Boksi la Sola

Boksi la sola lilikata umeme tena, na televisheni ikawa giza katikati ya mpira. Yahaya, mdogo wa mume wa Salma, alichovya kitambaa kwenye ndoo, akakikamua, akakitandaza juu ya boksi.

"Limechoka. Acha lipoe. Hasani, usiondoke."

Jirani Hasani akacheka. "Boksi lenu lina homa kama mtoto."

Salma hakucheka. Mwanawe Rukia ndiye aliyekuwa na homa, amelala chumba cha pili, godoro limesukumwa hadi ukutani. Tangu panya waingie na magunia ya alizeti, taa ya chumba kile haikuwaka, na tangu hapo boksi likaanza kukata. Fundi kutoka Chemba aliyewafungia boksi hilo alisema wazi: humo ndani kuna fyuzi isiyoungua. Umeme ukizidi, inapata moto na kuubana. Ikipoa, inaufungulia yenyewe. "Likikata, mama, chomoeni nyaya, mtafute kilichozidisha." Yahaya alishika neno moja tu: kupoa.

"Shemeji, chomoa kwanza."

"Mpira unaisha, shemeji! Nenda kamwangalie mtoto."

Televisheni ikarudi, wakapiga makofi. Safari hii boksi halikukata. Kwa ubaridi ule wa kitambaa, fyuzi haikupata moto wa kutosha, ikauacha umeme uliozidi upite.

Salma akaenda kwa mtoto. Mlangoni akapokewa na harufu ya plastiki inayoungua. Alimnyakua Rukia, akavuta godoro. Waya wa taa uliopita ukutani, uliotafunwa na panya, ulikuwa umelainika kama nta. Ubavuni mwa godoro palikuwa na tundu jeusi linalotoa moshi na kutanuka polepole, kiganja kimoja tu kutoka kwenye mto.

Alirudi sebuleni mbio, mtoto kiunoni, akang'oa nyaya zote kwenye boksi.

"We mwanamke! Penalti hiyo!" Hasani akapiga kelele.

Salma alibeba ndoo, akaimwaga yote juu ya godoro. Aliporudi, taa ya kijani ya boksi ilikuwa inawaka kwa betri yake ya ndani, kama vile hakuna kilichotokea.

"Si hilo limekaa sawa?" Hasani akasema. "Chomeka tuone mwisho."

Yahaya akanyoosha mkono. Salma akazikusanya nyaya kifuani.

"Kaguse godoro kwanza, shemeji. Pale anapolaza kichwa."

Yahaya akaenda. Akaligusa, akakaa huko. Nawe unayesoma, mama mwenzangu, boksi likikata limekuokoa. Usilipoze. Chomoa, uufuate waya mpaka mwisho, hasa ule unaopita alipolala mtoto.

Yahaya alitoka na macho mekundu, labda kwa moshi. "Hasani, nenda kwenu, ndugu yangu," akasema. Kisha akamgeukia Salma. "Nipe nimbebe, shemeji, upumzike."

Salma alimpa mtoto. Nyaya hakumpa.