Ndoo Yenye Kifuniko

Asubuhi moja fundi cherehani alikuwa akikunja upindo wa sare ya shule, shavu lake bado limevimba kwa kofi la jana. Mumewe akamwinamia. "Nisamehe, mke wangu," akasema. Konokono asiye na gamba akamtoka mdomoni, akaangukia kitambaa.

Mke akamwokota kwa ncha ya mkasi, akamtia kwenye ndoo chini ya meza, akafuta ute, akaendelea kushona.

Ilikuwa hivyo tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Akimtukana mbele ya wateja, konokono mdogo. Akimpiga, konokono mnene mwenye ute wa manjano. Na mume hakuwa bahili wa kuomba radhi. Ndoo ya kwanza ilijaa. Ya pili ikabidi iwe na kifuniko, maana wateja walilalamika kwamba nguo zinanuka shombo.

Majirani walimwonea wivu. "Wako angalau anaomba," alisema jirani wa mlango wa pili, amejiziba pua. "Wangu hajatema hata ute."

Mchana mama wa fundi akaja na binti yake wa mwisho, mdogo wake fundi, aliyeposwa juzi. Alimleta makusudi, aone kwa macho, maana kuambiwa tu watoto wa siku hizi hawasikii. Akafunua ndoo. Wa chini walishaoza wakawa uji, wa juu walikuwa wakitambaa juu ya wenzao. Mama akatoka, akatapika uani, akasukutua, akarudi. Akamwambia fundi kwamba chumba chake kule nyumbani kipo, na godoro limeanikwa.

"Ananipenda, mama. Tazama wa leo alivyo mkubwa."

"Mwanangu, huo ni ukubwa wa kofi. Si wa mapenzi."

Fundi akamrudisha konokono aliyekuwa akipanda ukingoni, akabana kifuniko. Akasema ana sare sita za kumaliza kabla mume hajarudi, naye hapendi kukuta vipande sakafuni.

Mama na mdogo mtu wakashika njia. Walitembea hadi kwenye kona ya bomba la maji. Hapo binti akafungua mkoba, akatoa leso iliyofungwa fundo, akaishika kwa vidole viwili. Leso ilikuwa imelowa, na ndani kitu kidogo kilijinyonganyonga.

"Mama," akasema, "dada alinunua wapi ile ndoo?"