Simu ya Jilala

Kabla ya kushuka duarani, kwenye shimo la dhahabu, wachimbaji wa Nyarugusu walimwachia Scolastika, mama lishe, simu zao, kisha wakamnong'oneza namba ya siri. Huo ndio ulikuwa wosia wao: kifusi kikimfunika mtu, Scolastika afungue simu awatafute wa nyumbani. Dorah alipouona mtindo huo mara ya kwanza, alicheka. Akajua amepata soko.

Kampuni yake changa ya Kahama, ya kulinda simu na siri zilizomo, ilikuwa imebisha hodi katika kila ofisi ikaambulia chai na ahadi. Watu hawanunui kufuli kwa mtu wasiyemjua. Kwa hiyo alimtafuta Jilala, mchimbaji mcheshi kutoka Kishapu, ambaye neno lake lilisikilizwa mgodini kuliko tangazo lolote, akamwekea programu bure.

"Usimtajie mtu namba yako. Ikikosewa mara tano, simu inafuta kila kitu."

"Hata mke wangu?"

"Hata mkeo."

Jilala akaenda kuwahubiria wenzake, nao wakanunua. Kisha duara likatitia. Jilala alitolewa maiti, na Scolastika akabaki na simu asiyoweza kuifungua.

Matanga yalipokwisha, Nyamizi, mjane wake, alifika ofisini kwa Dorah akiwa na mtoto mgongoni na simu ya marehemu mkononi, akaamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, dada. Huyu ni Juliana. Alizaliwa baba yake akiwa mgodini. Mume wangu alikuwa akimwimbia na kujirekodi humu, akasema akija atamsikilizisha. Nifungulie."

"Pole sana, Mama Juliana. Siwezi. Niliitengeneza isifunguliwe na yeyote, hata mimi."

"Shemeji zangu wameshajaribu mara nne."

Kabla Dorah hajajibu, simu yake mwenyewe ikaita. Alikuwa mnunuzi mkubwa wa dhahabu wa Geita. "Nasikia simu ya yule marehemu imewashinda mafundi wote. Nataka ulinzi kama huo, mimi na vijana wangu wote." Simu ya namna hiyo Dorah alikuwa ameiomba kwa Mungu tangu afungue ofisi. Sasa aliona haya hata kumtazama mtoto. "Nitakupigia, mzee," akasema, akakata.

Akamgeukia mjane. "Imebaki mara moja. Labda tarehe aliyozaliwa Juliana."

"Na tukikosea?"

"Nyimbo zinapotea."

"Tusipojaribu?"

"Zinabaki humo."

Nyamizi akaigeuzageuza simu mkononi. Dorah alitamani mjane huyo amtukane, ampige kofi, lolote lile.

"Basi zikae," Nyamizi akasema. "Ila inakaribia kuzima. Nipe chaji."

Dorah akachomoa chaji yake mwenyewe, akampa. Mnunuzi alikuwa akipiga tena, hakupokea. Nyamizi akakaa kwenye benchi, akampakata mwanawe na kuichomeka simu. Kioo kikawaka, kikaomba namba. Juliana akanyoosha kidole akiguse. Mama yake akaudaka ule mkono mdogo, akaushikilia.