Sura ya Clifford

Jumapili baada ya misa, Libérate alikaa ukingoni mwa kitanda, akamweka binti yake Cathy sakafuni kati ya magoti yake, akaanza kumsuka kwa ajili ya wiki ya shule. Alipofika upande wa kushoto, chanuo likagonga sikio, naye akaona sikio hilo lina pengo kwa juu, kana kwamba panya alionja akaghairi. Pengo hilo alilijua. Lilikuwa la Clifford, mumewe, aliyelipata ujanani kiwandani, mtaa wa Jacobs, cheche ya kuchomelea ilipomrukia.

"Hii iko namna gani?" akauliza.

"Niliamka nayo."

"Inauma?"

"Hapana."

Libérate akaendelea kusuka. Kichwa kilikuwa kimebaki nusu, na Jumatatu haimsubiri mtu.

Cathy hakuwa damu ya Clifford. Baba yake alikuwa Pontien, mwalimu wa Uvira, Kongo, aliyeuawa vita vilipoingia mwaka wa tisini na sita. Nyumba nayo ikaungua na kila kilichokuwamo. Mama na mtoto walishuka nchi baada ya nchi hadi Durban, wakapanga chumba Glenwood, na Libérate akapata kazi ya kusuka kwenye saluni moja Overport. Clifford, mzaliwa wa Durban, alikuja saluni siku moja kumchukua dada yake. Wiki iliyofuata akaja tena, bila dada. Wakaoana. Mwaka haujapita kazi zikakauka Jacobs, na kampuni ikampeleka Angola kuchomelea mabomba ya mafuta baharini.

Hapo ndipo shida ya makaratasi ilipoanza. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, ila ya Libérate ilikuwa na mafundo. Mke wa raia aliweza kuomba uraia ikiwa anaishi na mumewe, na mume yuko nje. Ofisi ikasema miezi ya nje haihesabiki. Akaleta barua ya mwajiri, wakasema haya, inahesabika. Akarudi mara nyingine, wakasema aliyesema inahesabika amehamishwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga walisema, na wahenga wenyewe hawakuwahi kuiona foleni ile.

Mwisho wakamkubali yeye. Ikabaki habari ya mtoto. Afisa alieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: mama akishakuwa raia, hawezi tena kumbeba mtoto kwenye kibali chake cha ukimbizi. Ama Cathy aandikwe kama mtoto wa nyumba ya Clifford, ama abaki peke yake, na asiye na kibali hurudishwa mpakani, awe na umri wowote.

Libérate akatoa barua ya Clifford, ya kwamba mtoto ni wake na anamlea.

"Barua mtu yeyote anaandika," afisa akasema. "Mimi nikimtazama mtoto huyu, Bwana Clifford simwoni hata kidogo."

Maneno hayo aliyatafsiri Cathy mwenyewe, maana Kiingereza cha mama yake kilikuwa cha saluni tu. Aliyatafsiri vizuri, hakuacha hata moja.

Sikio likaja mwezi uleule.

Libérate alikwenda kupiga simu kwenye duka la Jecha, Mpemba aliyekodisha simu karibu na saluni. Ilichukua muda kumpata Clifford huko melini.

"Sikio lipi?" Clifford akauliza.

"La kushoto."

Simu ikakoroma kidogo. "Eish. Mwambie asililalie wakati wa baridi. Linavuta."

Jecha, ambaye husikia simu za watu wote, hakuona ajabu. "Kitanda hakizai haramu, Mama Cathy," akasema. "Mwenye kitanda ndiye mwenye mtoto. Hao maofisa wangeniuliza mimi."

Baada ya sikio kikaja kidevu kipana, kisha mwanya wa meno ya mbele, kisha nyusi zikakutana katikati kama za Clifford akikasirika. Shuleni mwalimu alisema tu kwamba Cathy amekua. Saluni, Marie-Jeanne wa kiti cha pili aliacha kukausha kichwa cha mteja akamtazama mtoto. "Weye Libérate, sasa watu watasema ulianza na huyu bwana mapema." Wote wakacheka, na Libérate akacheka nao, kwa sababu alidhani mambo yanamnyookea.

Kisha likaondoka paji la uso.

Hakuwahi kumwambia mtu kwamba kila asubuhi, Cathy akinywa chai, yeye humtazama marehemu. Paji lilikuwa la Pontien, pua ya Pontien, na macho yale ya kulegea ya Pontien akisahihisha madaftari. Picha nyingine hakuwa nayo duniani. Sasa ilikuwa inafutika mezani pake, mkate mkononi. Iliuma. Ilimuuma kuliko msiba wenyewe, maana wakati wa msiba kulikuwa na kukimbia.

"Niachie macho tu," akamwambia mtoto.

"Haiko mimi nachagua, Mama," Cathy akasema. "Afisa alisema hamwoni."

Kabla mvua za Oktoba hazijaanza, macho nayo yakawa ya Clifford, madogo na makavu, yaliyozoea kutazama moto. Libérate alilia akifua taulo za saluni, akamaliza, akazianika. Akajiambia kwamba Pontien angekubali. Pontien angempa mtoto zaidi ya sura, mradi asirudishwe kule.

Walipoitwa, afisa alikuwa yuleyule. Alimtazama Cathy, akatazama picha ya Clifford, akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Naam. Huyu ni mtoto wa Bwana Clifford, hakuna ubishi."

Libérate akamshika Cathy mkono chini ya meza. Afisa akafungua faili, akatoa picha ndogo iliyoletwa pamoja na maombi ya kwanza, akaiweka kando ya uso wa mtoto.

"Lakini huyu wa kwenye picha ni mwingine," akasema. "Aliyeombewa ni huyu. Huyu hayupo. Na huyu aliyepo hana faili. Mtaanza upya, au mniletee yule."

"Ni mtoto mmoja," Libérate akasema kwa Kiingereza chake.

"Watoto hubadilika, mama. Ndiyo maana tunawapiga picha. Na kibali cha huyu wa kwenye picha kinaisha mwezi huu."

Cathy alianza kutafsiri, lakini mama yake hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameinama juu ya meza. Pontien alikuwa pale, mdogo kama stempu, paji lote, na macho yake yaliyolegea.

"Mwombe tubaki nayo," akasema.

Cathy akauliza. "Anasema ni ya faili."

"Mwombe nitazame kidogo."

Afisa akaangalia foleni, akasema haya, kidogo. Cathy naye akainama, sikio lake lenye pengo likagusa shavu la mama yake.

"Mama, ni Papa Pontien huyu?"

"Ni weye," Libérate akasema.

Afisa akachukua picha, akaibana mahali pake, akamwita aliyefuata.