Siku Mama Mkasi Alipomfungia Mtu

Jina la Mama Mkasi alipewa na wateja, na wala halikutokana na mkasi. Lilitokana na ulimi. Alikuwa fundi wa cherehani mwenye mkono mwepesi na kauli fupi. Ukimpelekea kitambaa kisichotosha, hakuzungushi. "Hiki kitatosha gauni la mwanasesere," anakwambia, kisha anacheka, nawe unacheka, ingawa umeumia kidogo.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja kilichotazama barabara: cherehani mbili, meza ya kukatia, na pasi ambayo waya wake ulizungushiwa mkanda mweusi. Kwenye cherehani ya pili alikaa wifi yake, dada wa mumewe, ambaye kazi yake ilikuwa kupinda mapindo, kutia vifungo na kumtania.

Kazi ilipopungua, Mama Mkasi alifungua blogu na ukurasa mtandaoni, akaanza kufundisha kushona. Kwenye video ilionekana mikono yake tu, ikikata kola, ikitia zipu, ikiunga mkono wa blauzi usikunjamane kwapani. Hakutegemea kupata watu, lakini watu wakaja, tena wengi, wakaanza kumwita mwalimu. Yeye shule aliiacha mapema, kwa hiyo neno lile lilimkaa moyoni kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Basi wakaja na wasioalikwa. Chini ya somo la kola alijitokeza mganga wa kurudisha waume waliotoroka. Chini ya somo la zipu, dawa ya kukata tumbo. Na kila mahali: hongera, umeshinda simu mpya, bonyeza hapa.

"Huyu wa kurudisha waume usimfute kwanza, wifi," yule wifi alisema siku moja. "Ngoja nichukue namba. Wangu ameenda dukani tangu juzi."

Walicheka sana. Lakini kicheko kilikatika siku alipofika muuguzi mmoja, mteja wao wa muda mrefu, uso umemshuka. Alikuwa amebonyeza tangazo lililoahidi ruwaza za kukatia magauni bure, na tapeli akaiteka akaunti yake, akaanza kuomba msaada kwa ndugu zake kwa jina lake.

"Nisingebonyeza kwingine," alisema muuguzi. "Nilibonyeza kwa kuwa ilikuwa kwako, mwalimu."

Maneno yale yalimchoma. Tangu hapo, kila asubuhi kabla hajagusa kitambaa, Mama Mkasi alikaa na simu yake akisafisha. Anafuta maoni, anafungia akaunti, anafuta, anafungia. Aliuagiza ukurasa uyameze maoni yoyote yenye neno "bonyeza". Kesho yake wakaandika neno lile kwa sifuri katikati, yakapita. Akawa kama mtu anayefagia uwanja huku upepo unavuma, na hasira zikamzidi siku hadi siku.

Katika vurugu hiyo ndipo alipoiona akaunti ya ua jekundu. Haikuwa na sura ya mtu, ila picha ya ua, na jina lililoishia kwa tarakimu nyingi. Chini ya kila somo, jipya au la zamani, iliandika maneno yale yale: "Asante mwalimu. Nimeona. Nimejaribu. Ubarikiwe." Hakuna herufi iliyozidi wala kupungua. Alidhani ni roboti, lakini kwa kuwa haikuuza kitu, akaiacha.

Kisha mama yake mzazi akafariki. Baada ya mazishi aliweka ukurasani picha ya marehemu akiwa ameinamia cherehani, akaandika: "Aliyenifundisha kushika sindano amepumzika." Pole zikamiminika. Katikati ya pole hizo likatokea ua jekundu: "Asante mwalimu. Nimeona. Nimejaribu. Ubarikiwe."

Macho yalikuwa bado yamemvimba. Aliyasoma maneno yale, damu ikamchemka.

"Amejaribu nini?" alimuuliza wifi yake. "Amejaribu kufiwa?"

"Na kama ni mtu, wifi?"

"Mtu gani anarudia neno moja kama kasuku, mpaka msibani?"

Akaipiga picha skrini ya simu, akaibandika ukurasani na maneno yake: "Jamani, siku hizi hata roboti inajaribu msiba. Ikifaulu mtuambie." Halafu akaifungia ile akaunti.

Watu walicheka mpaka basi. Ile picha ikasambaa kurasa kwa kurasa, ikafika kwa watu wasiojua hata sindano inashikwaje. "Nimeona, nimejaribu" ukawa msemo. Wateja walitoka nyuma ya pazia wamevaa nguo mpya, wakasema, "Nimeona, nimejaribu!" na duka zima likaangua kicheko. Mama Mkasi naye alicheka. Katika majonzi yale, kucheka kulimpumzisha.

Halafu asubuhi moja akaja mzee mmoja, shati limenyooshwa vizuri, mkononi ana mfuko wa plastiki. Alikaa kwenye benchi akasubiri wateja waishe. Walipoondoka, akatoa blauzi ya bluu na kuiweka mezani.

Mama Mkasi aliigeuza nje ndani, kama ilivyokuwa desturi yake. "Zipu imetulia," alisema. "Kola imepinda upande mmoja. Nani ameshona?"

"Mke wangu. Kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haufanyi kazi tangu apate kiharusi." Mzee aliipapasa ile kola. "Hii ilimtoa jasho. Somo lake amelitazama mpaka mimi dereva mstaafu nimelijua."

"Mpe hongera sana, baba."

"Maneno nayo yalimpotea, mwanangu. Anaelewa yote, lakini kusema hawezi, na akitaka kuandika, herufi zinamkimbia. Binti yetu akamwekea maneno machache kwenye simu. Akigusa mara moja, yanajiandika yenyewe. Ndiyo hayo anayokutumia."

Nyuma ya Mama Mkasi, cherehani ya wifi ilinyamaza.

"Ua jekundu," alisema.

"Ndiye."

"Na siku ya msiba wa mama yangu..."

"Siku ile alilia. Alitaka kukupa pole, na pole haikuwemo kwenye simu. Nilimwambia aache tu, akanisukuma mkono. Akagusa alichokuwa nacho." Mzee alisema bila kupandisha sauti. "Sikuja kugombana, mama. Naomba umfungulie, aone masomo. Jirani alimwonyesha ile picha akidhani atacheka. Tangu siku hiyo hajaigusa cherehani."

Mama Mkasi aliichukua simu, akamfungulia palepale. Akaifuta ile picha na dhihaka yake. Ilikuwa kufuta kwake tu. Kwa wengine ilibaki, na hakuwa na uwezo wowote juu yao.

Alasiri hiyo walifunga duka, yeye na wifi yake, wakaenda. Walimkuta mama wa watu ameketi karibu na dirisha, nywele zimechanwa vizuri, mkono wa kulia umelala pajani. Pembeni yake kulikuwa na cherehani iliyofunikwa shuka.

"Shikamoo, mama."

Aliinua mkono wa kushoto kuitikia.

Mama Mkasi alipiga magoti sakafuni. Njiani alikuwa amepanga maneno, lakini yote yalimtoroka. "Nilikosea, mama," alisema. "Nilikudhani si mtu. Nisamehe."

Yule mama alimtazama bila chuki. Akatikisa kichwa kukubali, akampigapiga mkono polepole, kama mtu anavyombembeleza mtoto aliyevunja kikombe. Msamaha ulikuwa wa kweli, lilionekana hilo. Lakini Mama Mkasi alipomwomba aone nguo zake nyingine, na mzee akanyanyuka kulifungua kabati, yule mama alitikisa kichwa upesi. Hapana. Kisha akageuza uso dirishani. Wifi akaanza kusifia pazia, ilimradi chumba kisibaki kimya.

Kwa idhini ya wenyewe, na bila kumtaja mtu, Mama Mkasi aliandika ukurasani yaliyotokea na kuomba radhi. Wachache walisoma. Dhihaka ilikuwa imefika mbali, radhi ikaishia karibu. Tena chini ya radhi ile ile walitokea watu wakaandika, "Nimeona, nimejaribu," na vikatuni vya kucheka.

"Si uyafungie hayo maneno?" muuguzi alimshauri. "Kama ulivyofungia yale mengine."

"Siwezi. Siku yule mama akiniandikia, yake nayo yatamezwa."

Kwa hiyo aliyafuta kwa mkono, moja moja, kila asubuhi, akitazama kwanza nani ameandika. Waganga na washindi wa simu walipita kwa wingi kuliko zamani, kwa kuwa hakumfungia tena mtu kabla hajaingia kwenye ukurasa wake kuona ni nani. Ua jekundu halikutokea.

Aliendelea kwenda kumjulia hali. Yule mama alimpokea kwa tabasamu, wakanywa chai, wifi akaleta vichekesho vyake na yule mama akacheka mpaka mabega yakatikisika. Kushona hakukutajwa. Kisha siku moja Mama Mkasi aliingia akakuta pembeni ya dirisha pana nafasi tupu, na alama za miguu ya cherehani sakafuni.

Hakuuliza mbele yake. Aliuliza nje, mzee alipomsindikiza mpaka getini.

"Amempa binti," alisema mzee.

"Ni yeye mwenyewe aliyeamua?"

"Mwenyewe. Alionyesha kwa mkono ibebwe."

Mama Mkasi alisema ni vizuri, binti atafaidika nayo. Aliaga kwa adabu, akatembea mpaka kona ambapo mzee hakuweza kumwona. Hapo akasimama, akaufungua mkoba, akajifanya anatafuta funguo, wapita njia wakimkwepa upande huu na huu, mpaka machozi yalipokauka.